Kusoma Sanaa Ng'ambo kwa Muhula Mmoja: Familia na Viongozi Wajue Nini?



Mara kwa mara habari hupita sokoni Baraka, au kwenye foleni ya maji kambini, kwamba kuna bursi ya kwenda Ulaya kwa vijana wanaojua kuchora. Habari hiyo ikishaanza, inakimbia kuliko mtumbwi wenye mota. Kesho yake wazazi wanaulizana nani ameandika majina, kwa nini jina la mtoto wao halimo, na nani anapokea pesa za fomu. Wiki haijaisha, tayari kuna majirani wasiosalimiana.

Mara nyingi ugomvi huo unatokana na jambo ambalo hakuna aliyeeleza vizuri. Katika toleo hili tunaeleza mpango wa kubadilishana wanafunzi wa sanaa na usanifu kwa muhula mmoja: ni kitu gani, nani anaweza kuingia, karatasi gani zinatakiwa, na ni wapi familia na viongozi wanaweza kusaidia au kuharibu. Tunaposema usanifu, tunamaanisha kazi ya kupanga umbo la kitu kabla hakijatengenezwa: kiti, nguo, bango, kitabu, au chombo cha kuhifadhia maji.

Ni kwenda na kurudi

Kubadilishana wanafunzi si kuhama, wala si ule mpango wa kupelekwa nchi ya tatu ambao wakimbizi wanaujua kwa mahojiano yake marefu. Shule mbili, moja hapa na moja kule, zinatia sahihi mkataba. Shule ya kule inakubali kumpokea mwanafunzi wa hapa kwa miezi minne hadi sita, na shule ya hapa inakubali kupokea wa kwao. Muda wote huo kijana anabaki mwanafunzi wa shule yake ya nyumbani. Analipa minervali nyumbani kama kawaida, na kule halipi karo. Muhula ukiisha anarudi, na masomo aliyoyafanya kule yanahesabiwa kwenye diploma yake ya hapa.

Kwa hiyo ni kama kuazimwa kiti. Anayeazimwa kiti hakiuzi, na harithishi.

Kutokana na hilo kuna jambo la pili ambalo wengi hawalijui: mtu hawezi kuandika ombi lake peke yake kutoka nyumbani. Lazima kwanza awe ameandikishwa katika shule ya sanaa au chuo chenye mkataba. Kijana aliyemaliza sekondari Baraka, mwenye kipaji kikubwa lakini hajaandikishwa popote, bado hajafika kwenye mlango huo. Hatua yake ya kwanza ni kupata diploma ya Serikali, na ya pili ni kuingia chuo. Afadhali mzazi ajue hivyo mapema kuliko kuuza mbuzi kwa ajili ya fomu ambayo haipo.

Watu waliopigana walivyoanza kupelekeana watoto

Mpango mkubwa kuliko yote wa namna hii unaitwa Erasmus. Ulianza Ulaya mwaka 1987, na mwaka ule wa kwanza ulihamisha wanafunzi 3,244 wa nchi 11. Baadhi ya nchi hizo zilikuwa zimeuana katika vita viwili vikubwa. Ufaransa na Ujerumani walikuwa wametangulia: mwaka 1963, miaka 18 tu baada ya vita, walifungua ofisi ya pamoja ya kuwapeleka vijana wa upande mmoja wakaishi na kujifunza upande wa pili. Wapo wazee ambao hawakufurahia. Fikirini mama aliyefiwa na mume vitani anaambiwa apokee kijana wa upande ule mezani kwake.

Mji wa Strasbourg, ulio mpakani, ulibadilisha wenyewe mara nne kati ya 1871 na 1944: Wajerumani, Wafaransa, Wajerumani tena, Wafaransa tena. Tunautaja mji huu kwa sababu shule yake ya sanaa ndiyo ilikuja kushirikiana na Akademia ya Sanaa ya Kinshasa, na vijana wa Kongo wakaenda kusoma huko.

Wakongo waliopita njia hiyo

Akademia ya Kinshasa ilianzishwa mwaka 1943 huko Gombe-Matadi na bruda mmoja Mbelgiji, Marc Wallenda, ikahamia Kinshasa mwaka 1949. Inafundisha uchoraji, uchongaji, ufinyanzi, kazi ya metali ya kufua, upambaji wa nyumba ndani, na michoro ya matangazo. Lubumbashi nayo ina shule ya sanaa iliyoanza mwaka 1951. Zote mbili zimepokea pia vijana wa ngazi ya sekondari, si wa chuo tu.

Eddy Ekete alisoma Kinshasa, kisha Strasbourg. Aliporudi kufanya kazi Kinshasa, alitengeneza vazi zima la makopo matupu ya vinywaji, akatembea nalo barabarani, watu wakasimama kuangalia takataka zao wenyewe zikitembea. Mwaka 2015 akaanzisha tamasha la KinAct, ambapo wasanii wa mitaa hujivika vitu vilivyotupwa na kusema mambo ya mji wao. Sammy Baloji wa Lubumbashi, aliyezaliwa mwaka 1978, naye alijifunza picha na video katika shule hiyohiyo ya Strasbourg. Mwaka 2008 alikuwa mmoja wa walioanzisha maonyesho makubwa ya picha Lubumbashi, ambayo yameendelea kufanyika na kuwaleta wasanii wa nchi nyingine Katanga. Hawa wawili walikaa kule zaidi ya muhula mmoja, lakini kinachotuhusu ni kwamba walichojifunza kilirudi kikaonekana mitaani kwao.

Wasomaji wa Fizi watasema: Kinshasa na Lubumbashi ni mbali. Ni kweli. Kutoka Baraka hadi Kinshasa ni zaidi ya kilomita 1,000 bila barabara ya kuaminika, wakati Kigoma inafikiwa kwa boti. Tangu Kongo ilipoingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, mashariki kumekuwa karibu hata kwa karatasi. Mwaka 2017 viongozi wa Jumuiya walitangaza eneo moja la elimu ya juu, ili masomo ya nchi moja yatambuliwe katika nyingine. Chuo Kikuu cha Makerere, Uganda, kina shule ya sanaa iliyoanzishwa na Margaret Trowell mwaka 1937. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina idara ya sanaa, na Bagamoyo kuna chuo cha sanaa na utamaduni kinachofanya kazi tangu 1981. Kwa maoni yetu, kijana wa Baraka anayejua Kiswahili angefaidika kuanzia huko kabla ya kuota theluji. Lakini sheria ni ileile: mkataba kati ya shule mbili kwanza, safari baadaye.

Jambo la cheti Fizi wanalijua

Katika kambi za Kigoma, yaani Nyarugusu, Lugufu na nyinginezo, watoto wa wakimbizi wa Kongo walisoma programu ya Kongo. Walisoma katika ardhi ya Tanzania, lakini mitihani yao ya mwisho ilikuwa ya Kongo. Kuanzia Oktoba 2005, Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi lilipoanza kuleta familia kwa meli kutoka Kigoma hadi Baraka, cheti kilichotambuliwa kilikuwa mali kuliko godoro. Mwenye nacho aliendelea na darasa. Aliyepoteza cha kwake, au aliyesoma mahali ambapo mtihani wake haukutambuliwa, alirudi nyuma, na wengine waliacha shule kwa aibu ya kukaa na watoto wadogo.

Muhula wa kubadilishana ni hali hiyohiyo, ndogo zaidi. Kinachoamua kama miezi sita ya kule ni masomo au ni matembezi tu ni karatasi moja inayoitwa mkataba wa masomo. Ina sahihi tatu: ya mwanafunzi, ya shule ya nyumbani na ya shule inayompokea. Inaandika kila somo atakalolichukua kule na somo la nyumbani litakalofidiwa. Vyuo vya Kongo, ambavyo tangu mwaka wa masomo 2021-2022 vimeingia katika mfumo wa LMD, vinahesabu krediti 30 kwa muhula na 60 kwa mwaka. Ulaya pia wanahesabu 30 na 60. Hapo lugha ni moja.

Shida huja kwa wanafunzi wa sanaa. Somo la hesabu ni rahisi kulinganisha, lakini mtu atalinganishaje miezi mitatu ya kufinyanga vyungu kule na kozi ya kufua shaba hapa? Shule nyingi za Ulaya hufundisha kwa karakana: mwanafunzi anapewa tatizo moja, kwa mfano kutengeneza kiti kwa mbao zilizotupwa, na anahukumiwa kwa kazi nzima, si kwa mtihani. Ikiwa profesa wa nyumbani hakukubali hilo kwa maandishi kabla ya safari, kijana anaweza kurudi na kazi nzuri, akaambiwa arudie mwaka. Kwa hiyo mkataba wa masomo utiwe sahihi kabla ya tiketi kukatwa. Na masomo yakibadilika baada ya kufika, kama inavyotokea mara nyingi, mabadiliko yaandikwe na kutiwa sahihi upya ndani ya wiki za mwanzo.

Faili la kazi

Shule za sanaa hazichagui kwa pointi peke yake. Zinataka kuona faili la kazi, yaani picha 10 hadi 20 za vitu alivyovitengeneza mwanafunzi mwenyewe, kila moja na jina lake, ukubwa, vifaa na mwaka. Hapa vijana wetu hujidharau bila sababu. Wanadhani wanatakiwa kuonyesha nakala ya uso wa mtu maarufu iliyochorwa kwa penseli. Walimu wanaosoma mafaili hayo wameona nakala nyingi mno. Wanataka kuona jinsi mtu anavyofikiri. Mtu aliyepaka rangi bao la duka la dawa, akafikiria mteja asiyejua kusoma atatambuaje, hiyo ni kazi ya usanifu. Aliyeshona mkoba wa shule kwa plastiki ya hema, akabadilisha mkanda mara tatu mpaka ukaacha kukata bega la mtoto, hiyo pia ni kazi, na michoro ya majaribio matatu yaliyoshindwa iwekwe pamoja nayo.

Piga picha za kazi mchana, nje, kivulini, bila watu nyuma. Weka nakala mahali pawili. Wahame wanajua kwa nini tunasema hivyo.

Tukumbushe kwamba kazi za mikono ya Fizi zilivuka bahari zamani. Kinyago cha alunga cha Babembe, chenye nyuso mbili zinazotazama pande mbili, kiko katika makumbusho ya Ulaya na Marekani. Makumbusho ya Tervuren, karibu na Brussels, yana vitu vingi vya mashariki ya Kongo. Vyote hivyo viliondoka bila mkataba wa shule mbili na bila tiketi ya kurudi. Mwanafunzi wa huku akifika kule anaweza kukaa mbele ya kioo na kuchora kazi ya mababu zake. Ni jambo la ajabu, na wengine wanasema ni la uchungu.

Mhame, mkimbizi na aliyerudi hawana njia moja

Mhame wa ndani, kama familia nyingi zilizokimbia mapigano ya Kivu ya Kusini mwaka 2025, bado ni raia aliye nchini mwake. Anatumia pasipoti ya Kongo kama mtu mwingine yeyote. Kizuizi chake ni karatasi zilizoungua au kubaki nyumbani. Aanze kuomba nakala ya cheti cha kuzaliwa na ya diploma mapema, maana hizo huchukua muda kuliko viza.

Mkimbizi aliyevuka mpaka ni tofauti, na hapa tunaomba wazazi wasome polepole. Mkataba wa Geneva wa mwaka 1951, katika kifungu cha 28, unampa mkimbizi haki ya hati ya kusafiria inayotolewa na nchi iliyompokea. Hiyo ndiyo hati yake. Akienda kimyakimya kuchukua pasipoti ya nchi aliyoikimbia, anaweza kuhesabiwa kwamba amerudi chini ya ulinzi wa nchi hiyo, na ukimbizi wake ukaondolewa. Kabla ya hatua yoyote aulize ofisi ya wakimbizi. Tena hati hiyo iwe na haki ya kurudi ambayo tarehe yake inapita mwisho wa masomo. Bila hivyo, muhula unaisha na kijana hana mlango nyuma wala mbele. Kwa mkimbizi anayetaka kusoma chuo katika nchi aliyopo, kuna bursi ya DAFI iliyoanzishwa mwaka 1992 kwa msaada mkubwa wa Ujerumani. Hiyo si ya kwenda Ulaya. Ni ya kusoma palepale, na kwa wengi ndiyo njia iliyo wazi zaidi ya kuandikishwa chuo.

Aliyerudi kutoka kambini ni raia tena, hata kama jina lake bado liko kwenye kadi ya zamani. Asitumie karatasi mbili kwa wakati mmoja.

Kwa wote, muhula unaozidi siku 90 Ulaya unahitaji viza ya kukaa muda mrefu ya nchi husika, si ile ya matembezi. Afisa wa viza atauliza barua ya shule mbili, bima ya ugonjwa, mahali pa kulala, pesa za kuishi, na swali ambalo halisemwi wazi: je, utarudi?

Pesa, na watu wa kuuza fomu

Katika Erasmus, mwanafunzi anayetoka nchi kama Kongo kwenda Ulaya hupewa karibu euro 800 hadi 900 kwa mwezi na msaada wa nauli unaohesabiwa kwa umbali. Kwa masikio ya Baraka ni pesa nyingi. Kule, chumba peke yake kinaweza kumeza nusu yake, na mwanafunzi wa sanaa ananunua karatasi, rangi na udongo. Familia isitegemee kutumiwa pesa kila mwezi. Vijana wengine wamekula mkate na chai ili watume nyumbani dola hamsini, wakashindwa kununua vifaa.

Pesa hizo hupitia vyuo. Hakuna fomu inayouzwa sokoni, hakuna pesa ya kuweka jina kwenye orodha, na hakuna wakala wa kijijini. Anayedai pesa kwa simu ili asukume faili, ni mwizi hata kama ana kofia yenye alama ya shirika.

Kazi ya viongozi

Nafasi ni chache kuliko vijana, na uchaguzi unafanyika chuoni. Lakini maneno yanafanyika kwetu. Mbembe akichaguliwa, wengine watasema ni mambo ya ukabila. Akichaguliwa Munyamulenge, Mufuliiru au Mubuyu, yatasemwa hayohayo na wengine. Njia ya kupunguza maneno ni moja: masharti yabandikwe hadharani kabla ya majina, kwenye ukuta wa shule, kanisani na msikitini, kwa Kiswahili, pamoja na tarehe ya mwisho. Akiulizwa, kiongozi aseme nani alihukumu mafaili na kwa kipimo gani. Orodha inayotoka usiku kwenye nyumba ya mtu mmoja italeta matata hata kama ni ya haki.

Na wasichana. Fomu hazisemi hapana kwa msichana, lakini familia husema. Baba anaogopa nani atamlinda kule, shangazi anaogopa nani atamwoa akirudi. Kiongozi anaweza kuomba shule inayopokea iandike mahali atakapolala, na jina na simu ya mtu anayehusika na wageni, halafu akakaa na wazazi wakaisoma barua hiyo pamoja.

Siku ya kurudi

Kuna jambo ambalo wazazi wengine huwaambia watoto usiku wa mwisho: ukishafika, usirudi. Tunaelewa kwa nini linasemwa. Mtu aliyekimbia mara tatu hamlaumu mwanawe kwa kutafuta usalama, na anayehofia maisha yake ana haki ya kuomba hifadhi popote. Lakini kama hofu siyo hiyo, bali ni mipango ya familia, basi wajue matokeo. Shule iliyopokea inajibu kwa viza ile. Mmoja asiporudi, ombi la wa pili linaangaliwa kwa jicho jingine, na mara nyingine mkataba hauongezwi. Wanaofunga mlango si wao wanaoukuta umefungwa. Anayeukuta ni mtoto wa jirani mwaka unaofuata.

Anayerudi naye ahakikishe karatasi mbili ziko mkononi kabla ya kupanda ndege: orodha ya alama yenye muhuri, na barua ya kuthibitisha tarehe ya kuanza na kumaliza. Zisiwekwe kwenye sanduku la mizigo. Azikabidhi kwa katibu wa chuo chake mwenyewe, achukue risiti, na aombe krediti ziandikwe ndani ya muhula huohuo, kabla katibu hajabadilishwa na faili halijapotea.